Kompyuta ya Saiba Ikipewa Notisi: Somo Kuhusu Programu Huria

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, ambayo ilikuwa imeitoa Julai 2015. Siku iliyofuata kompyuta ziliwaka kama kawaida. Hakuna kilichozimika, na ndiyo sababu wenye kompyuta wengi katika mitaa ya Eastlands hawakushtuka. Somo hili ni lao, na ni lako pia wewe unayepeleka kitambulisho chako kipigwe skani kwenye kompyuta hizo.

Tuchukue mfano wa saiba ya kawaida pale Mowlem. Ina kompyuta sita za mitumba, zilizotengenezwa mwaka 2014 au 2015, printa moja na skana moja. Asubuhi anaingia mzee anayetaka cheti cha maadili mema kupitia eCitizen. Baada yake ni kijana wa kuchapisha CV, halafu mama mboga anayetaka kuwasilisha marejesho ya ushuru kwenye iTax kabla ya Juni 30. Kila mmoja anaacha kitu ndani ya mashine: nambari ya kitambulisho, PIN ya KRA, picha ya cheti cha kuzaliwa, na mara nyingi hata nywila, kwa sababu wateja wengi humwambia mhudumu, "Niwekee wewe, mimi nitaisahau."

Sasa, kampuni inaposema imeacha kuhudumia programu, maana yake ni kwamba haitaziba tena matundu ya usalama yanayogunduliwa. Na hugunduliwa kila mwezi. Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilifunga faili za kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, na huko Uingereza hospitali zililazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Tundu ambalo kirusi hicho kilipitia lilikuwa limezibwa na Microsoft miezi miwili kabla, mwezi Machi. Walioumia ni wale ambao mashine zao hazikuwa zimepokea kiraka hicho. Kwa Windows 10 ya kawaida, viraka vya aina hiyo havitoki tena.

Mwenye saiba anaweza kusema atahamia Windows 11. Akijaribu, mashine itamkatalia. Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na, kwa kompyuta za Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu, yaani mashine za kuanzia 2017 au 2018. Kompyuta yake ya 2014 haifai, hata kama inafungua barua na kuchapa vizuri kabisa. Microsoft imetoa muda wa ziada: mtu binafsi anaweza kujiandikisha apate viraka hadi tarehe 13 Oktoba 2026, na njia mojawapo ni kulipa dola 30. Kwa biashara bei ni dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, nayo huongezeka maradufu kila mwaka unaofuata. Kwa kompyuta sita hizo ni dola 366, na saiba hii inatoza shilingi kumi kwa ukurasa.

Kuna njia ya tatu ambayo sote tunaijua: fundi anayekuja na flashi na kukuwekea Windows ya kunakili kwa mia tano. Tuseme wazi. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, programu ya kompyuta inalindwa kama maandishi, na kuinakili bila idhini ni kosa. Lakini hata ukiacha sheria kando, ile programu ndogo ya kudanganya leseni, ambayo fundi anakuambia uzime kwanza kinga ya virusi ndipo iingie, ni njia maarufu ya kupandikiza virusi. Umemfungulia mgeni mlango na hujamwona uso. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshughulikia taarifa za watu azilinde. Mteja akiibiwa PIN kupitia mashine yako, kumwambia kwamba fundi ndiye aliyeweka hakutakusaidia.

Wengi wetu Mowlem ni wapangaji, kwa hivyo leseni ya programu ya kampuni haitakuwa jambo geni kwetu. Ni upangaji. Una ufunguo, unalala ndani, lakini huruhusiwi kubomoa ukuta wala kumwita fundi wako afungue nyaya, na mwenye nyumba akitaka kubadilisha masharti au kutoa notisi, ametoa. Programu ya namna hii huuzwa ikiwa imefungwa: yale maandishi ambayo wataalamu waliandika kuiunda, yaitwayo msimbo, hubaki siri ya kampuni.

Programu huria ni kinyume chake. Unapewa nyumba pamoja na ramani yake. Leseni inakuruhusu kuitumia kwa kazi yoyote, kuusoma msimbo wake, kuurekebisha na kumpa mwenzako nakala. Kumpa jirani nakala si wizi, ndivyo ilivyokusudiwa. Wazo hili lilitangazwa mwaka 1983 na Richard Stallman wa Marekani, na mwaka 1991 mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds, akatoa kiini cha Linux. Huenda umeibeba mfukoni bila kujua, kwa maana simu zote za Android zinaendeshwa juu ya kiini hicho. (Ingawa Google imejenga juu yake vyumba vyake yenyewe vilivyofungwa, likiwemo duka la Play. Huria na kampuni kubwa haziishi mitaa tofauti kama wengine wanavyodhani.)

Faida ya kuwa na ramani huonekana nyumba inapobadilisha mwenyewe. Kulikuwa na programu huria ya ofisi iliyoitwa OpenOffice, iliyosimamiwa na kampuni ya Sun. Januari 2010 kampuni ya Oracle ikainunua Sun. Waandishi wengi wa programu hiyo hawakuridhika na mmiliki mpya, na Septemba mwaka huohuo wakachukua msimbo, kama leseni ilivyowaruhusu, wakaanzisha LibreOffice. Leo LibreOffice ndiyo inayoendelezwa kwa bidii na ndiyo utakayoikuta kwenye Linux nyingi. Kwa programu iliyofungwa, mtumiaji angebaki kusubiri mmiliki mpya aamue.

OpenOffice hiyohiyo ndiyo iliyotoa mfano mzuri kwa Kiswahili chetu. Mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliitafsiri na kutoa Jambo OpenOffice mwezi Desemba 2004. Wataalamu hao hawakuhitaji kumwandikia mtu yeyote barua ya kuomba ruhusa, wala kusubiri kampuni ipige hesabu ya wasemaji wa Kiswahili ione kama wanalipa.

Hapa Kenya mfano mkubwa zaidi uko hospitalini. Mpango wa AMPATH, unaoendeshwa Eldoret na Chuo Kikuu cha Moi, hospitali yake ya rufaa na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, ulihitaji kutunza rekodi za maelfu ya wagonjwa wa HIV ambao idadi yao ilikuwa ikipanda haraka. Kuanzia mwaka 2004 madaktari Paul Biondich na Burke Mamlin waliunda mfumo mpya kwa kazi hiyo, wakauacha wazi. Uliitwa OpenMRS, na Februari 2006 ukaanza kufanya kazi Eldoret. Kutokana nao ilijengwa KenyaEMR, inayotunza rekodi za wagonjwa wa HIV katika kliniki nyingi za umma nchini. Takwimu ambazo vituo vya afya hutuma kila mwezi, za chanjo, za kina mama wanaojifungua, za malaria, hupitia mfumo mwingine wa huria, DHIS2, uliotoka Chuo Kikuu cha Oslo na ambao Kenya iliuanzisha nchi nzima mwaka 2011. Kwa hiyo anayesema programu huria ni mchezo wa wanafunzi, huenda chanjo ya mtoto wake imehesabiwa ndani yake.

Hata hivyo, neno "bure" limepotosha wengi. Leseni ndiyo ya bure. Mtu wa kuitunza programu anakula, analipa nyumba na ana watoto shuleni. Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, wasiwasi katika mifumo ya rekodi za HIV haukuwa juu ya msimbo, ambao hakuna aliyeweza kuuchukua. Ulikuwa juu ya mishahara na seva. Na mji wa Munich nchini Ujerumani uliamua mwaka 2003 kuhamia Linux, ukahamisha kompyuta zipatazo 15,000 kufikia 2013, kisha mwaka 2017 baraza lake likapiga kura ya kurudi Windows. Kulikuwa na siasa, kulikuwa pia na malalamiko ya wafanyakazi kuhusu hati zisizofunguka sawasawa. Katika nchi hiyohiyo, jimbo la Schleswig-Holstein lilitangaza Aprili 2024 kwamba litahamisha kompyuta 30,000 za serikali kwenda LibreOffice. Wajerumani wenyewe hawajaafikiana, na mimi sitajifanya jambo hili limekwisha.

Turudi Mowlem. Kazi nyingi za saiba siku hizi hufanyika ndani ya kivinjari, na kwa eCitizen au HELB haijalishi chini yake kuna Windows au Linux: Firefox na Chrome zipo kote. Barua na CV zinaandikwa kwenye LibreOffice na kuhifadhiwa kama docx au PDF. Hata KRA, katika fomu za marejesho zinazopakuliwa kutoka iTax, imekuwa ikitoa namna mbili: ya Excel, na ya ODS ambayo ni muundo wa wazi. Muundo huo ni kiwango cha kimataifa tangu 2006, na maelezo yake yamechapishwa, kwa hivyo programu yoyote inaweza kufundishwa kuusoma. Ukiniuliza, hili ni muhimu kuliko bei. Programu utabadilisha mara nyingi maishani. Barua zako, hesabu za chama na kumbukumbu za kanisa zinapaswa kuhama nawe bila kumwomba mtu ufunguo.

Kazi zitakazokusumbua ni hizi. Ukichapisha mabango na fulana, wateja watakuletea faili za CorelDRAW au Photoshop, na programu hizo hazitolewi kwa Linux. Inkscape na GIMP ni nzuri, lakini faili ya mteja inaweza kufunguka ikiwa imevurugika, naye anataka bango lake saa kumi. Mwanafunzi wa somo la kompyuta la KCSE mara nyingi hufundishwa kwa Access na Publisher, na mazoezi yake hayatalingana. Halafu kuna fundi. Mafundi wanaojua Windows ni wengi kila kona. Wa Linux utawatafuta. Ni gharama halisi, na ni nafasi kwa kijana anayetaka kujifunza.

Anayetaka kujaribu asianze kwa kufuta chochote. Chukua mashine moja, ile ya pembeni. Nakili kwanza faili zote muhimu kwenye diski ya nje. Pakua Linux Mint kutoka tovuti yake rasmi pekee. Ni faili ya takriban gigabaiti 3, kwa hivyo usitumie bando la simu la shilingi hamsini. Toleo la 22 litahudumiwa hadi mwaka 2029 na linahitaji RAM ya gigabaiti 2, ingawa kwa 4 utafanya kazi kwa raha. Iandike faili hiyo kwenye flashi ya gigabaiti 8 kwa programu ya Rufus, ambayo nayo ni huria. Flashi itafutwa yote, basi isiwe ile yenye picha za harusi. Zima mashine, iwashe tena ukibonyeza F12, F9 au Esc kulingana na kampuni iliyoitengeneza, kisha uchague flashi.

Linux itawaka ikiwa ndani ya flashi, bila kugusa diski. Itakuwa nzito kidogo, usiihukumu kwa hilo. Chapisha ukurasa, piga skani kitambulisho, fungua hati tano za wateja wa wiki iliyopita, ingia eCitizen, sikiliza kama sauti inatoka. Printa ndiyo hukwamisha wengi, kwa hivyo ijaribu kabla ya yote, na ikikataa tafuta jina la modeli yake kwenye tovuti ya mtengenezaji uone kama ana kiendeshi cha Linux. Kila kitu kikikubali, itumie hivyo kwa siku kadhaa ndipo uisakinishe.

Kwa saiba ya kompyuta sita, ningeshauri tano zihamie na moja ibaki na Windows kwa ajili ya wale wateja wa Corel na Publisher. Hiyo moja ichomolewe kwenye intaneti, faili ziingie kwa flashi iliyokaguliwa kwanza kwenye mashine nyingine, na kitambulisho cha mtu yeyote kisipigwe skani humo.