Gia za Pikapu ya Otomatiki Zikisumbua: Kagua Haya Kabla ya Kufungua Giaboksi

Wakazi wengi hupeleka maziwa na mboga sokoni kwa pikapu zilizokula chumvi nyingi. Gia zikianza kusumbua, mtu huweza kuambiwa anunue giaboksi nyingine, kumbe ni mafuta yamepungua. Kabla hujakubali, fanya haya:

1. Pima mafuta ya giaboksi. Egesha mahali tambarare, injini iwe moto na inanguruma, gia iwe P, isipokuwa kitabu cha gari kiseme vingine. Chomoa kijiti, kipanguse, kirudishe, kisha usome. Yakiwa chini ya alama, yanavuja mahali; kuongeza tu hakutoshi.

2. Tazama rangi na unuse. Mafuta mapya kwa kawaida huwa mekundu. Meusi yenye harufu ya kuungua huonyesha klachi za ndani zimeungua. Yakifanana na maziwa ya pinki, maji yameingia, mara nyingi kutoka kwa rejeta. Usiendeshe, tafuta gari la kuvuta.

3. Jaribu mwendo bila mzigo. Injini ikinguruma zaidi na kasi isiongezeke, gia inateleza. Ikikwama kwenye gia moja, huenda kompyuta imeona hitilafu na inalinda giaboksi. Mwombe fundi aipime kwa mashine ya kusoma kodi kwanza.

Mweleze fundi ulichoona, naye akuonyeshe kilichoharibika kabla hujalipa. Hadi itengenezwe, usibebe abiria: gia ikiteleza kwenye mteremko, breki hubaki peke yake.