Tundu la Moyo Halisubiri Mavuno

Mzazi wa hapa Bweri, Musoma, akiambiwa kwamba tundu kwenye moyo wa mtoto laweza kuzibwa bila kupasua kifua, hudhani anafarijiwa tu. Hatumlaumu. Lakini kazi hiyo inafanyika hapa nchini, na tunajivunia: Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015, hupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa damu wa pajani hadi moyoni, na kizibo kilichokunjwa ndani yake hufunguka pande zote mbili za tundu. Baada ya miezi kadhaa nyama ya moyo hukifunika.

Tunachokiogopa si mrija, ni kuchelewa. Tundu kubwa hurudisha mapafuni damu iliyokwisha kusafishwa, na mishipa ya mapafu ikizidiwa miaka kwa miaka hukakamaa. Shinikizo hupanda mpaka damu chafu inageuza njia na kuingia mwilini, midomo na kucha zikawa za bluu. Hapo kuziba tundu kwaweza kumuua mgonjwa. Narudia: tundu lililoweza kuzibwa jana, kesho laweza kukataliwa na daktari yuleyule. Kwa hiyo mtoto anayetoka jasho akinyonya, anayeachia titi kila mara ili avute pumzi, asiyeongezeka uzito, mwenye nimonia inayorudi, asipelekwe kukatwa kimeo. Kimeo hakina kosa. Wembe wa kukatia kimeo huvujisha damu, na vijidudu vyake vyaweza kufika kwenye moyo ambao tayari una kasoro.

Wapo wanaosema matundu mengine hujifunga yenyewe. Ni kweli, hasa madogo. Ila lipi litajifunga haijulikani kwa kumtazama mtoto. Hujulikana kwa kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, na kwa kurudi kliniki kila tarehe iliyoandikwa. Wengine hungoja hela ya mavuno kwanza. Gharama na misamaha iulizwe ustawi wa jamii hospitalini, mtoto akiwa tayari anapimwa. Si kila tundu linafaa kwa mrija, mengine yanahitaji upasuaji. Hilo waachie mabingwa. Kazi ya mzazi ni kuanza safari: zahanati, kisha Hospitali ya Rufaa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere pale Kwangwa, na ikibidi Hospitali ya Bugando, Mwanza, au Dar es Salaam. Barua ya rufaa isilale kabatini.