Mfupa Uliovunjika: Dalili Zinazokutaka Urudi Hospitalini Bila Kungoja

Mtoto ameanguka kutoka mpera huko Ndhiwa. Abiria wa bodaboda amegongwa karibu na Rongo. Mchimbaji dhahabu wa Macalder ameangukiwa na jiwe mguuni. Katika kila boma swali la kwanza ni moja: je, mfupa utaunga?

Mara nyingi mfupa huunga. Ila mkono au mguu unaweza kupotea kwa sababu nyingine, na hatari hiyo huanza saa chache tu baada ya ajali. Somo hili linamsaidia mkazi wa Homa Bay na Migori kuitambua mapema.

Kwa nini kubana ni hatari

Baada ya kuvunjika, mkono au mguu huvimba. Ukiwa umefungwa kwa plasta, bandeji au vijiti vilivyokazwa sana, uvimbe hukosa nafasi ya kutanukia. Shinikizo hupanda ndani ya misuli hadi damu ishindwe kupita. Misuli ikikosa damu kwa takriban saa 6, huanza kufa. Hatimaye vidole hujikunja na kukakamaa, au daktari hulazimika kukata kiungo ili kuokoa maisha.

Jambo hili si geni. Mwaka 1881 daktari wa Ujerumani, Richard von Volkmann, alieleza jinsi bandeji zilizobana zinavyolemaza mikono ya wagonjwa. Shinikizo hilo linaweza pia kutokea bila kufungwa chochote, hasa mfupa wa muundi ukivunjika.

Mkague mgonjwa hivi

Katika siku 2 za kwanza, mwangalie mara kwa mara, hata usiku:

1. Je, maumivu yanazidi badala ya kupungua, hata baada ya dawa? Hii ndiyo dalili ya mapema zaidi.
2. Ukimnyoosha vidole polepole, je, anaumia sana?
3. Je, vidole vina ganzi, au anahisi kama anachomwa na sindano?
4. Bonyeza ukucha kisha uachilie. Je, rangi inachukua zaidi ya sekunde 2 kurudi? Je, vidole ni baridi au vimepauka?

Usingoje dalili zote zijitokeze. Maumivu yanayozidi yanatosha kukurudisha hospitalini saa hiyo hiyo. Kama ni bandeji au vijiti, legeza mara moja mkiwa njiani. Plasta itapasuliwa na mhudumu wa afya. Mtoto anayelia usiku kucha akiwa na plasta asiambiwe avumilie.

Wapo wanaoanza kwa muunga mifupa wa kijijini. Ukiwa umepitia huko, dalili ni zile zile. Legeza, kisha nenda hospitalini, na ueleze waziwazi alifungwa lini. Saa hiyo humsaidia daktari kuamua kama anahitaji upasuaji wa dharura.

Kukiwa na kidonda

Kidonda kilicho karibu na palipovunjika ni mlango wa vijidudu kuingia mfupani, hata kikiwa kidogo. Kifunike kwa kitambaa safi. Usipake udongo, mafuta wala majani, na usiusukume mfupa ndani. Funga mguu kwenye ubao bila kukaza, ubao upite kiungo cha juu na cha chini ya palipovunjika. Kisha msafirishe upesi, kwa kuwa dawa ya kuua vijidudu hufaa zaidi ikitolewa ndani ya saa 1. Atahitaji pia kinga ya pepopunda.

Eksirei haioni kila kitu

Eksirei huonyesha mfupa, bali haionyeshi shinikizo la misuli. Daktari hulitambua kwa kumgusa mgonjwa na kumsikiliza, kwa hiyo mweleze kila kitu. Vilevile, maambukizi ya mfupa yanaweza yasionekane kwenye eksirei hadi siku 10 au 14 zipite.

Ukanda wetu wa Ziwa una watoto wengi wenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mtoto wa aina hiyo akiwa na homa na maumivu ya mfupa, usiridhike kwamba ni maumivu yake ya kawaida. Apelekwe apimwe damu. Akianza kuchechemea, achunguzwe nyonga, kwani selimundu inaweza kuikosesha damu.

Baada ya kuruhusiwa nyumbani

Kwa mtu mzima, mfupa wa mkono huchukua takriban wiki 6 hadi 8, na wa muundi miezi 3 hadi 5. Usivue plasta mwenyewe ukiona maumivu yameisha. Hudhuria kliniki kila tarehe uliyopewa, fanya mazoezi uliyoelekezwa, na uache sigara, kwani huchelewesha kuunga. Kidonda cha upasuaji kikitoa usaha au ukipata homa, rudi kabla ya tarehe.

Anzia kituo kilicho karibu nawe. Panapohitajika, utatumwa kwenye hospitali ya rufaa ya Homa Bay au Migori, au ile ya Jaramogi Oginga Odinga, Kisumu. Hakikisha pia familia imesajiliwa na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Ajali haipigi hodi.