Dondoo muhimu: Pilau ipigwe picha kabla haijapoa

Ukipika Mbagala au Mwananyamala na kuuza kwa WhatsApp, mteja huonja kwa macho kwanza. Anza na lenzi: ifute, maana simu ya jikoni haikosi mafuta. Kisha sogea dirishani na uzime taa. Balbu ya njano huufanya wali wa nazi uonekane wa jana. Saa tatu asubuhi au saa kumi jioni mwanga ni laini. Saa sita jua la Dar linasimama utosini, bakuli linajaa vivuli vikali. Huna namna? Tundika shuka jeupe dirishani.

Pilau na maharage ni kahawia tupu, weka kachumbari pembeni. Mchicha upige ukitoka tu jikoni. Ukikaa unakuwa mweusi. Chapati zipige kwa ubavu, matabaka yaonekane. Na usichukue picha ya pilau ya mwenzio mtandaoni: mteja akifungua kifungashio atajua.

Nembo? Jina, mchoro mmoja, rangi mbili. Sufuria, mwiko na kofia ya mpishi vyote pamoja ni vurugu. WhatsApp huonyesha picha ya wasifu ndani ya duara, hivyo maandishi ya pembeni hukatwa. Ichapishe nembo kwanza kwa wino mweusi, ndogo kama kizibo cha soda. Isiposomeka, punguza vitu. Kabla ya kulipia stika, hakikisha kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwamba jina halijachukuliwa. Jina la biashara na alama ya biashara husajiliwa kila moja peke yake.