Mhusika ni wao, jicho ni lako

Wadogo zangu, safari hii kona yetu imeshikwa na wachoraji. Binti mmoja anayesubiri matokeo ya kidato cha nne ameniandikia kwamba ameona tangazo la shindano la sanaa ya mashabiki mtandaoni: unamchora mhusika wa katuni unayempenda, unapakia mchoro, majaji wanachagua. Anauliza, "Dada, watu wa dunia nzima wanaingia, wana tableti na kalamu zake, mimi nachora kwa kidole kwenye simu. Nijisumbue kweli?"

Jisumbue, mdogo wangu. Tena jisumbue vizuri. Ameniambatanishia michoro miwili ya Luffy, mhusika wa katuni ya Kijapani ya One Piece, na nimeitazama kwa muda mrefu, kwa hiyo acheni nianzie hapo.

Mchoro wa kwanza ni Luffy amekunja mikono, kofia ya majani kichwani, anatabasamu. Mistari misafi, rangi hazijatoka nje hata kidogo. Mchoro wa pili Luffy kakaa ukutani Forodhani, Unguja, usiku. Ameshika mishikaki ngumi nzima, kofia inaning'inia mgongoni kwa kamba yake, na mkono wa pili umevutika kupita vichwa vya watu hadi kwenye jiko la muuzaji mwingine. Muuzaji mwenyewe ameinua kipepeo cha ukili, hujui kama anataka kumpiga au anacheka. Vidole vya Luffy vimepinda vibaya na sura ya muuzaji bado haijakaa sawa.

Binti anadhani atume wa kwanza kwa sababu ni msafi. Mimi nasema tuma wa pili. Luffy aliyekunja mikono majaji wameshamwona mpaka wamemchoka, maana ndiye yuleyule wa kwenye mabango na madaftari, na kila mshiriki anayeogopa kukosea atamtuma huyo. Luffy wa Forodhani ni wako. Na angalieni jambo hili: hakuwa mzuri kwa sababu tu amepelekwa Zanzibar. Ungeweza kumsimamisha Luffy mbele ya Mnara wa Saa kule Dar es Salaam akabaki kuwa yuleyule wa bango. Huyu ni mzuri kwa sababu binti anamjua Luffy: mlafi wa nyama, mwili wa mpira, hana aibu ya kunyoosha mkono kwenye chakula cha mtu. Tabia ya mhusika imekutana na mahali ambapo mchoraji anapajua kwa macho yake. Ukishapata makutano hayo, una mchoro ambao mtu wa Osaka au São Paulo hawezi kukutangulia kuuchora.

Sasa kazi. Vidole kwanza. Chukua vijiko vitatu au penseli kadhaa, zishike kama unavyotaka Luffy ashike mishikaki, mwombe mtu akupige picha ukiwa karibu na taa, kisha chora ukiangalia mkono wako mwenyewe. Usichukue picha ya mtu mtandaoni ukapitishia mistari juu yake. Kanuni nyingi zinakataza, na majaji wenye uzoefu huiona. Pili, mwanga. Forodhani usiku mwanga unatoka chini, kwenye makaa na kwenye taa za meza, kwa hiyo kidevu na chini ya pua vinang'aa, macho yanaingia kivulini. Umempaka Luffy mwanga wa saa sita mchana, ndiyo maana anaonekana kama amebandikwa. Rekebisha hilo tu, utaona picha nzima inakaa pamoja.

Halafu kuna mama uliyemchora nyuma yao, amejifunga kanga. Kanga ina pindo, mji na jina. Umechora maua matupu. Mwekee pindo, na ile sehemu ya jina tunga maneno yako mwenyewe yanayofaa kwa mwizi wa mishikaki. Mjapani hatayasoma, lakini Mswahili yeyote akiuona mchoro atajua kwamba aliyeuchora anatoka nyumbani. Kama hujui kanga hufungwaje, usiichore kuwa pambo la "Uafrika". Chora unachokijua.

Kuhusu kuchora kwa kidole, programu kama ibisPaint inatosha kabisa kwenye simu ya kawaida, na mwenye kompyuta atumie Krita, ni ya bure. Tatizo la simu ni lingine: unakuza picha mpaka unachora jicho moja siku nzima, unasahau mwili. Kila baada ya muda punguza picha iwe ndogo kama stempu. Mara nyingi jaji naye huiona hivyo kwanza, ndogo, katikati ya nyingine nyingi. Kama kwenye udogo huo huoni nani anafanya nini, vidole havitakusaidia.

Tukitoka kwenye mchoro tunaingia kwenye vigezo na masharti. Najua, ni marefu, ni ya Kiingereza cha kisheria, na bando linakwisha. Yasome kabla hujachora hata mstari mmoja, maana mengine yanakuondoa mlangoni. Shindano la kuchora kadi za Pokémon, kwa mfano, ni kubwa na lina heshima, lakini huwa kwa wakazi wa nchi zilizotajwa tu kwenye kanuni zake. Tafuta kwanza sehemu inayosema nani anaruhusiwa. Tafuta umri: kama hujafika miaka 18, mara nyingi mzazi au mlezi lazima akubali kwa maandishi. Usidanganye umri. Ukishinda wataomba kitambulisho, na zawadi itakwenda kwa mwingine.

Shindano hilohilo la Pokémon, mwaka 2024, lilitangaza washiriki 300 wa robo fainali, mashabiki wakaanza kulalamika kwamba baadhi ya kazi zinafanana mno na zinaonekana kutengenezwa na akili mnemba. Baadaye waandaaji wakawaondoa baadhi ya washiriki kwa kuvunja kanuni, na nafasi zao wakapewa wengine. Kwa hiyo tunza ushahidi wa jasho lako. Usiunganishe tabaka zote za mchoro kisha ukafuta faili asilia. Hifadhi rasimu ya kwanza, picha ya katikati, na kama programu yako inarekodi video ya uchoraji, iache irekodi. Siku mtu akikuuliza "umechora wewe?" unamwonyesha.

Sasa nisikilizeni kwenye haki, kwa sababu hapa ndipo vijana wengi wanapoumia bila kujua. Luffy si wako. Ni wa Eiichiro Oda na wachapishaji wake tangu hadithi ilipoanza kutoka mwaka 1997. Shindano rasmi likikuruhusu kumchora, limekuruhusu kumchora kwa ajili ya shindano hilo. Halijakuruhusu kumchapa kwenye fulana na kuuza Kariakoo. Lakini mchoro ulioutoa kichwani mwako, yaani mpangilio, mwanga, yule muuzaji na ile kanga, ni kazi yako. Kwa Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inakulinda tangu unapoitengeneza kazi, hata kama hujaisajili kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA. Wakenya mna sheria yenu ya mwaka 2001 na bodi yenu ya hakimiliki, KECOBO.

Ndiyo maana waandaaji huandika kifungu cha haki. Kuna kile kinachosema unawapa ruhusa ya kuuonyesha mchoro wako, kwenye kurasa zao na matangazo ya shindano, huku ukibaki mwenye kazi. Hicho ni cha kawaida, saini. Kuna kingine kinachosema unawahamishia haki zote, milele, dunia nzima, ushinde au usishinde. Hapo simama ufikiri. Kama ni kampuni inayommiliki mhusika na zawadi ni ya maana, unaweza kuamua kwamba inafaa, ni uamuzi halali. Kama ni ukurasa usiojulikana unaogawa fulana moja, wanakusanya michoro ya bure, waache. Na kwa vyovyote, kwenye shindano la namna hiyo usimwingize mhusika uliyembuni mwenyewe. Yule msichana mwenye mabawa unayemchora tangu darasa la sita, ambaye siku moja unataka awe na kitabu chake, abaki nyumbani. Usije ukamtia pembeni mwa picha kwa kujifurahisha, halafu ukakuta umemgawa.

Tarehe. Wamarekani huanza na mwezi, kwa hiyo 07/08 kwao ni tarehe 8 Julai, si 7 Agosti. Ukikosea hapo umechelewa mwezi mzima, au umekesha bure. Saa nazo: shindano linalofungwa saa 5:59 usiku Tokyo, kwetu Afrika Mashariki ni saa 11:59 jioni siku hiyohiyo. Likifungwa saa 5:59 usiku California, kwetu ni asubuhi inayofuata, saa 3:59 wanapokuwa kwenye saa zao za kiangazi, saa 4:59 wanapokuwa kwenye saa zao za kawaida. Lakini msisubiri dakika hizo. Umeme unakatika, mtandao unalemaa, tovuti inazidiwa. Tuma siku mbili kabla.

Ukubwa wa faili usomwe kwenye kanuni kabla ya kufungua turubai. Wakisema A4 kwa ubora wa dpi 300, hiyo ni piseli 2480 kwa 3508, na ukianza na turubai ndogo kisha ukaivuta mwishoni, mistari itakuwa na ukungu. Na jamani, msijitumie mchoro kwa WhatsApp kama picha ili mwende kuupakia kwenye kompyuta ya kibandani. Unabanwa, rangi zinaharibika. Tuma kama dokumenti, au tumia waya.

Kuhusu kura za mashabiki sina mengi. Mashindano yanayoamuliwa kwa idadi ya kura hupendelea mwenye wafuasi wengi. Ingia kama unataka kuonekana, lakini ukishindwa pale usiseme hujui kuchora.

Mwisho nawaambia hasa wadogo wa kike, na wa kiume mnisikie pia. Ukitangaziwa kwamba umeshinda halafu wakataka "ada ya kutuma zawadi" kwa namba ya simu, hujashinda kitu. Zawadi ikitoka nje kweli inaweza kutozwa ushuru, lakini huo unalipwa kwa mamlaka ya forodha kwa utaratibu na risiti, haulipwi kwa mwandaaji. Na jaji hana sababu ya kukufuata faraghani kukuomba picha zako, namba yako, au mkutane "kuzungumzia kipaji". Akifanya hivyo, piga picha ya maongezi hayo, mfungie njia, mwonyeshe mzazi, dada au mwalimu unayemwamini siku hiyohiyo. Waandike pia waandaaji. Usinyamaze kwa kuogopa kuenguliwa kwenye shindano. Hakuna tableti inayofaa kununuliwa kwa bei hiyo.

Binti yangu wa Forodhani, una wiki tatu. Wiki ya kwanza mikono na mwanga, ya pili kanga na sura ya muuzaji, ya tatu mwonyeshe mtu mmoja asiyemjua Luffy na umuulize anaona nini. Akisema "kijana mlafi anaiba mishikaki," pakia. Na matokeo yakitoka, vyovyote yatakavyokuwa, niandikie uniambie ile kanga uliipa jina gani.