Namna ya kukisia kipi kitachemka kwanza

Gesi asilia ya Msimbati, iliyogunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, karibu yote ni methani. Methani huchemka kwenye nyuzi 162 chini ya sifuri. Maji ya Ruvuma huchemka kwenye nyuzi 100. Uzito wa molekuli ya methani ni 16, wa maji 18. Mwanafunzi aliyekariri kwamba kilicho kizito ndicho kinachodai joto zaidi atakwama hapa: tofauti ndogo hivi ya uzito haielezi pengo kubwa hivi la joto.

Kwanza futa dhana kwamba kitu kikichemka molekuli zake huvunjika. Mvuke wa maji ni maji yale yale. Kinachoshindwa na joto ni mvutano wa molekuli na jirani yake, basi uliza majirani hao wameshikana kiasi gani.

Anza na ukubwa. Molekuli zote huvutana kidogo, na elektroni zikiongezeka mvutano hukua: ethani huchemka kwenye nyuzi 89 chini ya sifuri, propani 42, butani karibu na sifuri kabisa. Ndiyo maana mtungi wa jikoni una propani na butani: mgandamizo wa mtungi unatosha kuzifanya kimiminika hata kwenye joto la Mtwara. Methani ikishapanda juu ya nyuzi 83 chini ya sifuri, hakuna mgandamizo utakaoigeuza kimiminika; inabaki gesi na husafirishwa kwa bomba kutoka Madimba hadi Dar es Salaam.

Uzito ukikaribiana, tafuta haidrojeni iliyoungana moja kwa moja na oksijeni, nitrojeni au florini: hiyo huvutana kwa nguvu na molekuli jirani, na mvutano huo huitwa bondi ya haidrojeni. Propani ina uzito wa 44, ethanoli 46, lakini ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78. Hizo ni nyuzi 120 zaidi, kwa ajili ya haidrojeni moja tu iliyokaa kwenye oksijeni! Uzito ukipishana sana, usiitegemee bondi hiyo peke yake: oktani ya kwenye petroli haina, na huchemka kwenye nyuzi 126.

Wapo wanaoamini kwamba nipa, pombe ya kienyeji ya kuchemshwa kutokana na mabibo, ikimwagwa matone ya kwanza, methanoli yake yenye sumu imekwisha, kwa kuwa methanoli huchemka kwenye nyuzi 65. Si kweli, na ni hatari. Viwango hivi vyote ni vya kitu kikiwa peke yake. Ndani ya pipa methanoli hushikana na maji na ethanoli kwa bondi zile zile za haidrojeni, na huendelea kutoka hadi mwisho wa upishi.