Dondoo muhimu: Flatpak kwenye Linux

Microsoft ilihitimisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa familia ya Bowie, Maryland, yenye kompyuta mpakato ya zamani, Linux huirudishia uhai. Flatpak, mfumo wa kusambaza programu za Linux ulioanzishwa na Alexander Larsson wa Red Hat, huitenga kila programu ili isiguse mafaili ovyo.

Kusimika. Fedora huja nayo tayari. Kwenye Ubuntu, andika `sudo apt install flatpak`, kisha ongeza Flathub, ghala la programu za Flatpak:

`flatpak remote-add --if-not-exists flathub https://dl.flathub.org/repo/flathub.flatpakrepo`

Washa upya mashine.

Kupakua. Kwa mfano, kicheza video VLC: `flatpak install flathub org.videolan.VLC`. Programu ya kwanza huvuta mamia ya megabaiti. Wi-Fi ya bure ya maktaba ya South Bowie itaokoa bando.

Ruhusa. Kikague kifurushi kabla ya kukifungua: `flatpak info --show-permissions org.videolan.VLC`. Penye `filesystems=host`, programu inafikia karibu mafaili yote ya mtumiaji. Punguza ruhusa hizo kwa programu ya Flatseal, yenye vitufe vya kuwasha na kuzima kila ruhusa.

Usafi. `flatpak update` huleta matoleo mapya. `flatpak uninstall --unused` huondoa mabaki yanayojaza diski.